Orodha ya Geti la Loresho

Nyuma ya Barabara ya Argwings Kodhek, pale Hurlingham, kuna kichochoro kati ya jengo la ofisi na ukuta wa fleti, na katika kichochoro hicho kuna benchi lililokuwa la kanisa. Hakuna anayekumbuka lilifikaje hapo. Mgongoni bado lina ule ubao mwembamba wa kuwekea vitabu vya nyimbo. Siku hizi unawekewa vikombe. Kila siku ya kazi, ikifika saa kumi jioni, Kavutha huja na themosi yake ya kahawa ya tangawizi na ndoo ya mandazi, na wenye benchi hutokea mmoja mmoja kama kuku waliosikia mtama ukimwagwa. Ripota ni askari wa zile fleti. Hujua nani ameingia na nani ametoka, na asipojua hubuni. Wakili hubeba faili za ofisi moja ya mawakili, akizipeleka katikati ya jiji na kuzirudisha, na baada ya miaka tisa anaamini sheria imemwingia kupitia kwapani. Turbo ana bodaboda ambayo haijawahi kuipita baiskeli ya mwuza mkate. Wa nne ni Mwanzia, fundi wa vifaa vya gemu, mwenye meza yake ndogo ndani ya duka la Nthenya la fotokopi. Hapo benchini Mwanzia huitwa Refa.

Jina hilo alilipata kwa haki. Kwa miaka minne, kila Jumamosi saa nane mchana, chumba chake cha Kawangware kimekuwa uwanja. Godoro husimamishwa ukutani, mlango huachwa wazi, na watu huja na padi zao ndani ya jaketi, zile za kushika kwa mikono miwili na kuchezea kwa vidole gumba. Hakuna anayealikwa. Ukiwa na padi na viatu vya kuvua mlangoni, umefika. Televisheni ni ya inchi thelathini na mbili, ina mstari wa kijani pembeni, na wote wamezoea kumwona mchezaji wao akipotea ndani ya ule mstari na kutokea upande wa pili. Anayefungwa huosha vikombe. Na ukizuka ugomvi, kwamba fulani amesimamisha gemu makusudi mwenzake akiwa amebaki na kipa, au kwamba fulani amevuta waya kwa kidole cha mguu, Mwanzia ndiye anayeamua, na akishaamua pamekwisha.

Sasa, Alhamisi moja Mwanzia alikuwa na wivu. Tulieleze jambo hili polepole, kwa sababu wivu wa mtu mzima huvaa nguo za mambo mengine, na ukienda mbio hutautambua.

Kulikuwa na mwenzao wa tano, aliyeitwa Bando kwa vile alikuwa akiwaomba watu wote bando za intaneti. Alikuwa akitengeneza fremu za picha duka la tatu kutoka kwa Nthenya. Mwanzo wa mwaka akapata kazi ya kutunza nyumba ya injinia mmoja huko Loresho. Injinia alisafiri, na kabla ya kuondoka alimwambia Bando kwamba anaweza kuleta marafiki siku moja wacheze, mradi wavue viatu. Bando akachagua Jumamosi. Akachagua na saa nane.

Habari zilimfikia Mwanzia kwa mlango wa nyuma. Kavutha alimsikia Ripota akimnong'oneza Turbo, naye Kavutha akamwambia Mwanzia huku akimpa mandazi: televisheni ya inchi sabini na tano, mashine mbili zilizounganishwa kwa waya, watu wanane wanaweza kucheza kwa wakati mmoja, kila timu na kochi lake. Mwanzia mwenyewe hakuambiwa kitu. Zilipita siku kumi. Aliitazama simu yake asubuhi, akaitazama mchana, akaizima na kuiwasha kuona kama imekwama.

Jumapili baada ya ibada alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alikwenda hadi Loresho na kusimama ng'ambo ya geti la ile nyumba, simu sikioni, akijifanya anaongea. Aliona ua wa miti uliokatwa sawasawa, na paa, na kibao kilichosema kuwa kila mgeni lazima aandikishwe mapema, jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Alikisoma kile kibao mara mbili akaona kama kimeandikwa kwa ajili yake peke yake. Mlinzi alipomtazama, Mwanzia aliiambia simu iliyozimwa, "Haya, nitakupigia," akaondoka.

Kitu kingine ambacho hakumwambia mtu kilikuwa ndani ya begi lake, chini ya benchi, katikati ya miguu yake. Zilikuwa padi tatu. Moja ni ya Ripota, ina plasta ya buluu pale ilipopasuka. Moja ni ya Wakili, nyeupe, safi kama ya dukani. Ya tatu ni ya Turbo, imechakaa mpaka vitufe havina herufi. Zote zilikuwa zimeletwa wiki hiyo, kila moja kwa siri, kila mwenye yake akisema hana haraka, ila Ijumaa ingekuwa vizuri. Mwanzia alizimaliza Jumanne. Alisafisha stiki, vile vijiti vya kumwelekeza mchezaji, akabadilisha springi, akazijaribu zote tatu. Kisha akamwambia kila mmoja kwamba spea haijaingia.

Mtu anapopeleka padi kwa fundi kabla ya Jumamosi, fundi anajua anakokwenda. Hiyo haihitaji elimu.

Siku hiyo Turbo alifika wa kwanza na akamvuta Mwanzia pembeni, karibu na pipa la takataka.

— Refa, ile kitu yangu imetoka?

— Spea haijaingia.

— Lakini kesho itakuwa?

— Tutaona.

— Si ati niko na mbio. Ni vile tu sipendi kitu ikikaa imeharibika.

Mwanzia alisema anaelewa. Dakika tano baadaye Wakili alimwuliza jambo hilohilo kwa sauti ya chini, akitumia maneno mengi zaidi, na Ripota akamwuliza kwa nyusi. Wote walijibiwa vilevile. Kisha wakaketi, Kavutha akamimina, na mazungumzo yakafanya kama ng'ombe anavyofanya akifunguliwa: yakaenda moja kwa moja shambani kwa Bando.

Ripota ndiye aliyeanza. Alisema yeye hana ubaya na mtu, ila nyumba ile si ya Bando. Kochi si lake. Hata slipasi anazovaa ndani si zake, ni za injinia, na zinamzidi. Mtu wa namna hiyo akiita watu, anawaita kwa nini?

— Kuringa tu, akajijibu. Mimi kwanza siendi.

— Hata mimi siendi, alisema Turbo. Loresho ni mbali. Na ile mlima itaniulia injini.

— Hakuna mlima huko, alisema Kavutha.

— Kuna kamlima.

Mwanzia alikunywa kahawa yake. Ilishuka vizuri. Alikuwa ameteseka siku kumi, na sasa aliwasikia wakimpasua Bando vipande bila yeye kushika kisu. Akasema kwa upole, kama mtu anayemtetea, kwamba labda kijana ana nia njema. Alijua vizuri kwamba hapo benchini ukimtetea mtu asiyekuwepo ndipo anapomalizwa.

Wakili aliweka kikombe chini. Alisema nia njema haihitaji orodha. Kwa maoni yake Bando alikuwa anajiandaa kugombea udiwani. Wote wanaoanza hivyo huanza na burudani. Leo gemu, kesho mchezo wa mpira wa wadi, keshokutwa picha yake iko kwenye kila nguzo ya stima kutoka Hurlingham hadi Kangemi.

— Ndiyo maana anataka majina kama yalivyo kwa kitambulisho, alisema. Hizo ni sahihi za wapigakura anakusanya. Ni kesi iko wazi.

— Nani amesema anataka vitambulisho? aliuliza Mwanzia.

Wakili alilitazama andazi lake.

— Nimesikia tu, alisema. Mambo kama hayo husikika.

Turbo aliangalia juu. Ripota alifunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Mwanzia akaelewa. Kumbe walikuwa wameulizwa. Kila mmoja alikuwa ameulizwa jina lake, akalitoa, na sasa ameketi naye benchi moja akiapa kwamba haendi. Padi zilimwambia watakwenda. Hili lilimwambia walialikwa kwa heshima, kwa kuandikwa, kama wageni wa harusi. Yeye, aliyesimamisha godoro ukutani Jumamosi karibu mia mbili, hakuwa ameulizwa hata kama yu hai.

Naam, alikuwa ameulizwa kitu kimoja, na hapo akaona ni wakati wa kukitoa.

— Jana Bando alinipigia, alisema.

Benchi lote likamgeukia. Mwanzia aliwasimulia bila haraka. Bando alipiga, akauliza bei ya stiki, ingawa bei anaijua. Akauliza hali ya mvua Kawangware. Akasalimia mpaka jirani. Kisha, baada ya kukohoa mara mbili, akasema: Refa, hivi ukienda hospitali, wakiwa wanaita watu kuingia kwa daktari, wewe hujuaje umefikiwa?

— Ukamwambiaje? aliuliza Kavutha.

— Nikamwuliza kama mimi ni mgonjwa. Nikakata simu.

Ripota alivuta pumzi kupitia meno. Alisema hilo si swali la kumwuliza mtu mzima mwenye afya. Kwao Bungoma mtu akikuuliza habari za hospitali ukiwa umesimama kwa miguu yako, unarudi nyumbani kwa njia nyingine na unamwambia mama. Turbo alisema hapana, hiyo ni bima. Bando anauza bima. Atawapa soda, mcheze gemu nusu saa, kisha mlango ufungwe na atokee jamaa mwenye tai na fomu.

— Bima haina inchi sabini na tano, alisema Wakili.

— Basi ni ile TV, alisema Turbo, na hapo akasogea mbele, maana wazo lilikuwa linamjia akiwa anaongea. Hizi TV kubwa huwa na kamera pale juu. Unacheza, inakuona. Inasoma vidole vyako gumba. Kuna watu ng'ambo wanataka vidole vya watu wa Nairobi, juu ya vile sisi tunacheza na padi mbovu na bado tunashinda. Wakishajua siri, watatengeneza mashine. Gemu itakuwa inajicheza yenyewe, na sisi tutabaki kuosha vikombe.

Walilipima jambo hilo. Ripota alisema linawezekana, lakini halielezi hospitali. Yeye alikuwa na jambo zito zaidi, alilokuwa amelificha kwa sababu ya heshima ya nyumba ya watu. Injinia ana binti. Binti yuko chuo, anarudi mwezi ujao. Bando anamtaka, lakini kijana anayetunza bustani hawezi kumwendea injinia mikono mitupu. Anahitaji watu wa upande wake. Anahitaji wajomba.

— Mtaketi kwa yale makochi, mnadhani ni gemu, alisema. Mtapigwa picha. Mwezi ujao injinia anaonyeshwa: hawa ndio wazee wa kwetu, walikuja kuona nyumba. Mmeshaposa na hamjui.

— Mimi siwezi kuwa mjomba ya Bando, alisema Turbo. Ako na miaka kunishinda.

— Ndiyo maana alimwuliza Refa hospitali. Anataka mjomba mgonjwa. Mjomba mgonjwa hupunguza mahari.

Hata Kavutha alicheka, na yeye si mtu wa kucheka kabla ya mandazi kuisha. Mwanzia alicheka kuliko wote. Alijisikia mwepesi. Akasema, kana kwamba ndipo limemjia, kwamba basi ni vizuri wote wamekataa kwenda, na kwa hiyo Jumamosi watamkuta nyumbani kama kawaida, saa nane, godoro ukutani. Atanunua na njugu.

Kicheko kilikatika kama redio iliyotolewa betri.

— Jumamosi hii? aliuliza Wakili.

— Hii.

Wakili alisema kuna faili fulani ya kushughulikiwa. Ripota alisema amebadilishiwa zamu. Turbo alijaribu kusema kitu juu ya injini, akashindwa kukimaliza, akaomba kahawa nyingine. Mwanzia aliwatazama mmoja baada ya mwingine kwa ule utulivu wa mwamuzi aliyeona mkono ukigusa mpira na bado hajapuliza filimbi. Akakanyaga begi lake kidogo, akasikia padi zikigongana ndani. Moyoni alikuwa ameshaamua: spea haitaingia kesho, na Jumamosi haitaingia vilevile. Waende Loresho wakaangalie wenzao wakicheza.

Ndipo msichana aliyebeba mfuko wa unga wa ngano na sufuria mpya akaingia kichochoroni. Alikuwa na nywele zilizosukwa vizuri na uso wa mtu aliyeulizia njia mara nyingi. Alisalimia, akauliza kama hapa ndipo kijiwe cha kahawa. Kavutha akamwambia aviweke chini vile vya mkononi, hapa ndipo.

— Naitwa Beryl, alisema. Nimetumwa na Omollo.

Walitazamana. Ripota, anayejua watu wote, alifikiri sana.

— Omollo gani?

— Omollo kaka yangu. Wa Loresho. Si ninyi ndio marafiki zake wa gemu?

— Aah, alisema Turbo. Bando.

— Bando? alisema Beryl. Nyumbani hatumwiti hivyo.

Alitoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, na kalamu. Alieleza kwamba hii ni orodha ya kupeleka getini kesho asubuhi. Walinzi wa pale hawana mchezo. Jina likikosa, au likitofautiana na kitambulisho kwa herufi moja, unarudishwa. Mwezi uliopita walimrudisha shemeji wa injinia akiwa na keki mkononi. Watu watatu wa hapa walituma majina yao siku ileile walipoulizwa, mmoja hata akauliza kama anaweza kuja mapema.

Hakuna aliyemwuliza ni nani. Masikio ya Wakili yalionekana yakiiva.

— Shida ni namba moja, alisema Beryl, akachuchumaa na kuinyoosha karatasi juu ya goti. Tangu wiki jana ameiacha wazi. Kila jioni anaitoa hii karatasi, anaitazama, anairudisha. Ni ya mtu mnamwita Refa. Nikamwambia mpigie umwulize. Akapiga jana, akazungukazunguka mpaka hospitali, kule watu huitwa kwa majina, akashindwa. Anasema amekula kwa huyo mtu miaka minne, amevua viatu mlangoni kwake kila Jumamosi, na anaona haya kumwuliza jina. Kwa hivyo nimeambiwa niwaulize ninyi, Refa akiwa hayupo. Refa anaitwa nani kwa kitambulisho?

Lilikuwa swali dogo. Mtoto wa darasa la kwanza huulizwa la namna hiyo siku ya kwanza shuleni, naye hulijibu.

Turbo alifungua mdomo. — Refa ni, alisema. Si ni Refa.

— Hilo ni la benchi, alisema Beryl. Nataka la kitambulisho.

— Kwa simu yangu nimeandika Refa Gemu, alisema Ripota polepole.

— Hamjawahi kumtumia pesa kwa simu? Simu huwa inaleta jina la mtu.

Wakili alieleza, na sauti yake ilikuwa imepoteza sheria yote, kwamba hulipa kwa namba ya duka, na namba ya duka husoma Nthenya Fotokopi. Beryl aliwatazama kwa mshangao wa mtu aliyefungua kabati la nguo akakuta halina nguo. Kisha akamgeukia yule wa nne, aliyeketi mwishoni na begi katikati ya miguu.

— Na wewe, mzee? Wewe unamjua?

Mwanzia angeweza kusema jina lake, ni neno moja tu. Lakini alikuwa amengoja siku kumi kuulizwa, akataka kwanza aone kama yuko mmoja, mmoja tu, atakayelitoa. Alimtazama Turbo, aliyelala juu ya lile godoro mara nyingi mvua ikimzuia. Alimtazama Ripota. Alimtazama Wakili, ambaye husalimiana na Kavutha kwa Kikamba kila jioni, lugha ya nyumbani kwa Mwanzia mwenyewe. Hata Kavutha aliinamia ndoo yake, na kila mmoja wao aliangalia ndani ya kikombe chake kana kwamba jina limezama humo pamoja na tangawizi.

Hasira ilimpanda, akaipisha ifike juu. Kisha akanyoosha mkono.

— Nipe hiyo karatasi niione.

Beryl akampa. Namba moja palikuwa na mstari mtupu, na karatasi hapo ilikuwa imechakaa kwa kufutwafutwa. Mtu alikuwa amejaribu kuanza na herufi, akaiondoa. Chini yake, kwa mwandiko wa Bando, palikuwa na majina matatu. Joash Simiyu. Muindi Nzioka. Mbugua Karanja.

Mwanzia aliyasoma. Akayasoma tena, kidole kikienda chini ya kila jina. Alizijua padi zao kuliko mama zao walivyowajua wao wenyewe. Alijua Ripota hubonyeza kwa nguvu akitishwa, kwamba Wakili hupenda kukimbilia kushoto, kwamba Turbo hutokwa jasho la viganja. Lakini alipotaka kumweka Muindi juu ya uso mmoja hapo benchini, mkono wa akili yake ukabaki hewani. Muindi lilikuwa la Ukambani, hilo alilijua, basi pengine Wakili. Na hao wawili? Ripota alisema kwao Bungoma. Ni leo amesema, au husema siku zote? Miaka minne hakuwa amemwuliza mtu kitambulisho mlangoni. Alikuwa akijivunia jambo hilo.

Aliinama, akafungua begi.

— Joash, alisema.

Ripota aliinua mkono nusu, kama mtoto asiye na hakika kama ni yeye.

— Ni mimi.

Mwanzia akatoa ile padi ya plasta ya buluu, akampa.

— Muindi.

— Hapa, alisema Wakili, akasimama kidogo bila kukusudia. Sijaitwa hilo jina na mtu wa Nairobi tangu nifike.

Akapokea yake nyeupe kwa mikono miwili.

— Mbugua.

— Niko, alisema Turbo, akachukua yake, na hakumtazama usoni.

Kisha Mwanzia aliomba kalamu. Aliweka karatasi juu ya paja, na kwenye namba moja, pale palipochakaa, akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka, asije mlinzi yeyote akakwama: Mwanzia Muli. Aliipulizia wino. Beryl alilisoma jina, akamtazama, akaelewa, akafunika mdomo kwa mkono uliobaki na vumbi la unga.

— Pole, alisema. Aliniambia niulize ukiwa haupo.

— Nilikuwa sipo, alisema Mwanzia. Hiyo TV, ni kweli ni inchi sabini na tano?

— Sijaipima. Lakini ukikaa karibu shingo inauma.

Jambo hilo lilimfurahisha kwa kiasi ambacho hakutaka kionekane. Kwake, mstari wa kijani au la, hakuna aliyewahi kuondoka na shingo mbovu. Beryl alikunja karatasi mara nne, akabeba unga na sufuria yake, akaaga. Alipofika mwisho wa kichochoro aligeuka kuwatazama tena, kama anayehesabu, kisha akapotea upande wa barabara.

Turbo alikuwa ameshika padi yake na vidole vyake gumba vilikuwa vimeanza kutembea peke yao. Stiki ilikwenda kushoto, ikarudi. Ikaenda kulia, ikarudi. Haikukwama hata mara moja. Aliigeuza, akaona skrubu zimefutwa vumbi, na juu ya kitufe kilichopoteza herufi, tone dogo la rangi nyekundu badala yake, lililokwisha kukauka kabisa, si la leo wala jana.

— Mwanzia, alisema Turbo, akilijaribu jina polepole kama anayeonja supu ya moto. Hii kitu ilikuwa tayari tangu lini?

Ripota akainua kichwa. Wakili naye akainua. Kavutha aliipindua themosi juu ya kikombe cha mwisho, akaitikisa, na halikutoka hata tone. Mwanzia akamnyooshea kikombe chake hata hivyo.